Padi Ilipimwa kwa Mkono wa Nani?

Machi 2000, kampuni ya Nintendo ilikubaliana na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York kwamba itawagawia wateja wake glavu. Hazikuwa glavu za baridi wala za kuoshea vyombo. Zilikuwa za kuchezea gemu. Mwaka mmoja kabla, Mario Party ilikuwa imeingia sokoni Marekani kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64, na ndani yake mlikuwa na michezo midogo iliyomtaka mchezaji azungushe kijiti cha padi kwa kasi yote aliyo nayo. Kidole gumba hakiiwezi kazi hiyo kwa muda mrefu. Watoto wakagundua upesi kwamba ukikandamiza kijiti kwa kiganja na kuuzungusha mkono mzima, unashinda. Wakashinda mpaka viganja vikachubuka na kutoka malengelenge. Wazazi wakalalamika, serikali ikaingilia kati, na suluhu ikawa glavu, hadi nne kwa kila kaya, kwa gharama ambayo, kama kila mteja angedai haki yake, ingeweza kufika dola milioni 80.

Aliyeunda kijiti kile alikiunda kwa ajili ya kidole gumba, na kwa kidole gumba kilifaa. Aliyeunda gemu aliwaza furaha ya kushindana, na furaha ilikuwepo tele. Kiganja hakikuwa na mtetezi katika chumba chochote. Ndiyo sababu ule ubishi wa kila siku wa vijana, eti padi ya PlayStation na ya Xbox ipi nzuri kushika, hauishi: umeulizwa nusu. Padi huwa nzuri kwa mkono fulani, unaofanya kazi fulani, kwa muda fulani. Ukiifuata historia yake kwa jicho hilo utaona jambo lisilotangazwa sana na kampuni zenyewe. Padi ya kawaida imekaribia kusimama pale ilipokuwa miaka 20 iliyopita, na mengi mapya yenye maana yametoka kwa watu ambao mikono yao haikuwahi kupimwa.

Padi za mwanzo ziliumbwa na umeme kuliko mwili. Fimbo ya Atari ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa sanduku la mraba lenye kitufe kimoja kwenye kona ya juu kushoto, na aliyetumia mkono wa kushoto alijua mwenyewe la kufanya. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo aliweka kitufe chenye umbo la msalaba kwenye gemu ndogo ya mkononi ya Donkey Kong. Tangu hapo kidole gumba cha kushoto kikapata makao: hakikuhitaji tena fimbo wala kutazamwa, kilitambua kaskazini na kusini kwa kugusa tu. Lakini padi ya Famicom iliyoubeba msalaba huo mwaka 1983 ilikuwa mstatili wenye kona kavu, kana kwamba iliundwa ikae mezani. Kona zilikuja kulainishwa mwaka 1990 kwa Super Famicom, ambayo pia ilivipa vidole vya shahada kazi kwa kuweka kitufe kila bega.

Hatua iliyobaki ilikuwa mishikio. Sony walipotengeneza PlayStation ya kwanza, iliyouzwa Japani Desemba 1994, mbunifu Teiyu Goto alitaka padi yenye pembe mbili zinazoingia kiganjani. Wakubwa kadhaa wa kampuni waliogopa, wakitaka kitu bapa walichokizoea wateja wa Nintendo. Aliyemuunga mkono alikuwa mkuu wao Norio Ohga, mtu ambaye mbali na kuongoza kampuni alikuwa rubani wa ndege, na rubani hahitaji kuelezwa kwa nini usukani lazima ujae mkononi.

Hapa ndipo penye funzo zuri la namna padi zinavyozaliwa. Vile vijiti viwili vya PlayStation, ambavyo leo tunaviona kama sehemu ya maumbile yake, vilikuja baadaye, mwaka 1997. Nafasi bora ya kidole gumba cha kushoto, pale kinapoangukia chenyewe ukifumba mkono, ilikuwa tayari imekaliwa na msalaba. Vijiti vikashushwa chini, katikati, vidole gumba vikanyooka kuvifuata. Nintendo kwenye GameCube na Microsoft kwenye Xbox, wote mwaka 2001, walianza na kijiti akilini, hivyo wakakipandisha na kuushusha msalaba. Mpangilio wa Sony basi ni wa mgeni aliyekuta viti vya mbele vimejaa, wala hakuna daktari wa mifupa aliyeupendekeza. Na bado mamilioni wanaapa kwamba ndio unaofaa zaidi. Hawasemi uongo, maana vidole vimeshazoea.

Kwa wachezaji wa kwetu ubishi huo ulikuwa na sura yake. Enzi za PS2, wengi wa mafundi wa gemu ya mpira ya PES hawakukigusa kijiti kabisa, walikimbiza mpira kwa mishale ya ule msalaba. Mtu wa namna hiyo hakuona kasoro yoyote katika mpangilio wa Sony, kwa kuwa kitufe alichokihitaji kilikuwa juu, mahali pazuri kuliko pote. Mpe padi ya Xbox acheze mechi ileile, atakuambia imemvunja kidole.

Anayetaka kujua raha ya padi imejengwa na nini asiishie kuitazama kwa nje. Amwombe fundi amfungulie moja. Ukitoa skrubu za nyuma za padi ya PS2 na kulitenganisha ganda, vitufe vinadondoka kama punje. Chini yake kuna raba laini zenye vichuguu, kila kichuguu kina kidoa cheusi cha kaboni tumboni, na chini ya raba umelazwa utando mwembamba wa plastiki uliochorwa njia za umeme. Ule mrejesho mtamu unaousikia ukibonyeza, kitufe kikidunda kurudi juu, ni raba tu. Raba ikichoka, kitufe kinakuwa kizito au kinalala, na mchezaji analaumu vidole vyake. Ndani ya mishikio kuna mota mbili zenye vyuma vilivyokaa upande, kile cha kushoto kikubwa kwa mtikisiko mzito, cha kulia kidogo kwa mtikisiko wa haraka. Hizo ndizo zinazofanya bao lililogonga mwamba lisikike mpaka kwenye kiwiko. Na chini ya kila kijiti kuna vikombe viwili vidogo vinavyopima ukinzani wa umeme, kimoja kwa kulia na kushoto, kingine kwa juu na chini. Ndani mwake kuna ulimi wa chuma unaosugua njia ya kaboni kila unapocheza.

Huo msuguano ndio asili ya ugonjwa ambao kila mwenye kibanda cha gemu anaujua: mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa. Njia ya kaboni imelika, padi inasoma mwendo usiokuwepo. Padi ya kibandani, inayopita mikono mingi kutwa na kulipiwa kwa mechi, hufika hapo haraka. Lakini si ugonjwa wa vibandani pekee. Vijiti vya Nintendo Switch vililalamikiwa dunia nzima mpaka Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi kwa usumbufu waliopata wateja. Kinachoudhi ni kwamba dawa ilishajulikana zamani. Dreamcast ya Sega, iliyotoka Japani mwaka 1998, ilipima mwendo wa kijiti kwa sumaku, bila kitu kugusana na kitu, hivyo hakikuwepo cha kusuguana. Kampuni ndogo za vifaa, GuliKit ya China ikiwa mojawapo, zimerudisha sumaku hizo kwenye padi za bei ya kawaida. Kampuni kubwa zimeendelea na kaboni kwenye padi zao za kawaida. Mimi naliita hilo uamuzi wa kibiashara, na sioni jina jingine.

Mwili nao umeacha kumbukumbu zake, tena katika jarida la heshima. The New England Journal of Medicine ilichapisha barua kuhusu maumivu ya kifundo cha mkono ya wachezaji wa Space Invaders mwaka 1981. Mwaka 1990 daktari Richard Brasington akaandika humo humo kuhusu mama aliyecheza Nintendo ya mwanawe saa tano mfululizo bila kupumzika, akaishia na maumivu makali ya kano za kidole gumba. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Julio Bonis, daktari kijana wa Uhispania, aliyeamka na maumivu makali ya bega baada ya kucheza tenisi ya Wii kwa saa kadhaa. Alijiandikia dawa ya maumivu na wiki moja bila Wii.

Barua hizo tatu zinasomwa kama mzaha, nami nadhani zinasema kitu. Kila padi mpya ilihamisha maumivu badala ya kuyaondoa: kifundo, kisha gumba, kisha bega. Wii ilipotoka mwaka 2006 iliwatoa watu kwenye padi iliyokunja vidole ikawapa kirungu cha kurusha mkono hewani, na babu na bibi ambao hawakuwahi kushika gemu wakacheza bolingi sebuleni. Kwa maana hiyo ilikuwa padi rahisi kuliko zote. Lakini mkono uliorushwa hewani uliachia kirungu, kamba zikakatika, na Desemba mwaka huohuo Nintendo ikatangaza kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2 kwa nyingine nene zaidi.

Basi tuje kwenye ukubwa wa mkono. Hapa hakuna mfano unaoshinda ule wa Xbox ya kwanza ya mwaka 2001, ambayo padi yake ilikuwa kubwa mno mpaka ikapewa jina la utani la kikabaila, Duke. Ubao wake wa ndani ulikuwa mpana, na ganda likalazimika kuufuata ubao. Walipojiandaa kuingia Japani, Microsoft walielewa kwamba kitu kile hakiuziki kule, wakatengeneza padi ndogo zaidi. Jambo la kuchekesha ni kwamba Wamarekani wenyewe, waliodhaniwa kuwa na mikono ya kuimudu Duke, walipoiona ile ya Kijapani waliitaka, na mwaka 2002 ndiyo ikawa padi ya kawaida kote. Toka hapo ikazaliwa padi ya Xbox 360 ya mwaka 2005, na tangu 2005 umbo la padi limebadilika kidogo sana. Kampuni zimeongeza mitikisiko ya ufundi mkubwa, vifyatuo vinavyokaza kama kamba ya upinde kwenye PS5, vitufe vya mgongoni kwenye padi za bei mbaya. Lakini umpe mchezaji wa 2005 padi ya leo gizani, atacheza.

Utulivu huo wa umbo ndio uliofungua mlango wa matumizi ambayo hakuna aliyeyapanga. Mwaka 2018 jeshi la majini la Marekani lilizindua manowari USS Colorado, ya kwanza katika kundi lake kuongoza kamera za mlingoti kwa padi ya Xbox 360. Mkono wa kuongozea uliotumika kabla uliripotiwa kugharimu takriban dola 38,000, wakati padi ile ilipatikana dukani kwa kama dola 30. Bei peke yake isingetosha kuwashawishi wanajeshi. Kilichowavutia zaidi ni kwamba baharia wa miaka 20 anafika kazini vidole vyake vikiwa vimeshafunzwa. Chuo chake kilikuwa sebuleni kwao. Mwaka 2007 jarida la Archives of Surgery lilichapisha utafiti wa James Rosser na wenzake kuhusu madaktari wapasuaji 33 wanaofanya upasuaji wa tundu dogo. Waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 na kumaliza mazoezi haraka zaidi kwa asilimia 27. Utafiti wenyewe ni mdogo na haumaanishi kila mcheza gemu akabidhiwe kisu, ila unaonyesha kidole gumba hakisahau. Nyambizi ya Titan ilipopotea Juni 2023, dunia ilicheka kwamba iliongozwa kwa padi ya Logitech. Kicheko hicho kilikosea mlengwa. Kilichosalimu amri chini ya bahari ni mwili wa chombo, na padi haikuwa na kosa.

Mpaka hapa nimezungumzia mikono ya wale waliopimwa. Ubunifu wenyewe unaanza pale padi inapoacha kuwa padi.

Baadhi ya ubunifu huo ulikuwa anasa tupu, nami siuonei haya. Mwaka 2002 Capcom iliuza gemu ya roboti wa vita, Steel Battalion, kwa dola 200 pamoja na meza nzima ya kuiongoza: vitufe vipatavyo 40, fimbo mbili na pedeli tatu. Kulikuwa na kitufe cha kuruka nje ya roboti chenye kifuniko chake. Usipokibonyeza kabla roboti hajalipuka, gemu inafuta kumbukumbu zako zote, umekufa kweli. Hakuna padi ya kawaida ambayo ingeweza kuleta hofu ile. Gitaa la plastiki la Guitar Hero la mwaka 2005 na ngoma za Donkey Konga kabla yake vilikuwa vya ukoo huo. Mkeka wa kucheza dansi wa Konami ulianza mwaka 1998 kwenye kumbi za michezo Japani, na mwaka 2006 jimbo la West Virginia likatangaza mpango wa kuupeleka katika shule zake zote za umma 765, ili watoto wanaokwepa mpira watokwe jasho. Na wapo waliochukua mikeka hiyohiyo wakapigana nayo na majitu ya Elden Ring, gemu ambayo watu wazima wanaiogopa wakiwa na padi nzima mikononi. Wanaoona ni upuuzi hawajaangalia vizuri: mtu anayeshinda kwa miguu amethibitisha kwamba gemu ile haikuhitaji vidole, ilihitaji muda sahihi.

Ubunifu wa pili ni wa kufungua na kuchungulia. Kirungu cha Wii kilikuwa na kamera ya mionzi ya infraredi kwenye ncha yake, na Johnny Chung Lee, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Carnegie Mellon, alionyesha kwamba kirungu hicho cha dola 40 na kalamu yenye taa ndogo vinageuza ukuta wowote unaomulikwa na projekta kuwa ubao wa kuandikia kwa kompyuta. Kamera ya Kinect ya Microsoft ilipotoka Novemba 2010, kampuni ya Adafruit iliahidi zawadi iliyopanda hadi dola 3,000 kwa atakayeandika programu huria ya kuiendesha kwenye kompyuta. Siku chache tu zikapita Héctor Martín akaimaliza. Kifaa kilichouzwa ili watu wadanse mbele ya televisheni kikawa macho ya roboti katika maabara za vyuo. Mwaka 2012 Jay Silver na Eric Rosenbaum, waliotoka maabara ya MIT, wakaleta Makey Makey, kibao kidogo kinachofanya kitu chochote kinachopitisha umeme, hata kidogo sana, kiwe kitufe. Ukichomeka waya kwenye ndizi na mwingine ukaushika mkononi, kugusa ndizi kunakamilisha njia ya umeme kupitia mwili wako, na kompyuta inaona umebonyeza. Watoto hupiga piano ya ndizi. Waliokuwa na jamaa wasioweza kubonyeza kitufe kigumu waliona zaidi ya piano.

Watu hao wasioweza kubonyeza ndio waliosubiri muda mrefu kuliko wote. Mwaka 1989 Nintendo yenyewe iliuza kwa kuagiza padi ya kuvaa kifuani: kijiti kinaongozwa kwa kidevu, na vitufe viwili vinabonyezwa kwa kunyonya na kupuliza mrija. Wazo lilikuwa zuri, halikupata mrithi kutoka kampuni kubwa kwa miaka karibu 30. Pengo hilo lilijazwa na watu binafsi na mashirika ya hisani: AbleGamers nchini Marekani tangu 2004, SpecialEffect nchini Uingereza tangu 2007. Waliketi na mtu mmoja mmoja, aliyevunjika uti wa mgongo, mwenye mtindio wa ubongo, askari aliyepoteza mkono, wakapasua padi za dukani na kuzisuka upya kwa ajili yake.

Kazi yao ndiyo iliyozaa Xbox Adaptive Controller, iliyouzwa kuanzia Septemba 2018 kwa dola 99.99. Ukiitazama mara ya kwanza unaweza kuuliza padi iko wapi. Ni sahani nyeupe bapa yenye duara mbili nyeusi kubwa, kila moja inatosha kugongwa kwa ngumi, kiwiko au kisigino, na msalaba mmoja kando. Uhai wake uko ukutani mwa nyuma, ambako matundu 19 yamejipanga kwenye mstari, moja kwa kila kitufe cha padi ya kawaida. Juu ya kila tundu kuna mfereji mdogo, ili asiyeona vizuri au mwenye mkono unaotetemeka auburute mwiba wa waya mpaka uingie. Hata boksi lake lilifikiriwa: lina vitanzi vya kamba vya kuvuta kwa kidole kimoja au kwa meno, hakuna plastiki ya kukwangua kwa kucha. Kwa maoni yangu boksi lile ni kazi kubwa ya ubunifu sawa na kifaa chenyewe, kwa sababu linaanza kumheshimu mtu kabla hajawasha kitu.

Wahandisi wake waliacha kutafuta umbo bora wakauza matundu, na hapo ndipo naona mageuzi. Mtu anachomeka swichi ya mguu hapa, mrija wa kupuliza pale, kitufe cha shavu kwenye mto, na padi yake inaenea kitanda kizima. Sony walikuja na yao, Access, Desemba 2023, kwa dola 89.99. Hii imefuata njia ya katikati: duara linalolala mezani, vifuniko vya vitufe vya maumbo mbalimbali vya kubandika na kubandua, na matundu manne. Access mbili na padi moja ya kawaida zinaweza kuunganishwa zikasomeka kama padi moja. Microsoft walikuwa na wazo kama hilo tangu 2017, padi mbili kumwongoza mchezaji mmoja wa kwenye skrini, na kwa hilo dada anaweza kukimbiza gari huku kaka yake asiyeweza kushika usukani akishughulika na gia.

Kabla hatujapiga makofi, yupo mtu anayevuruga hesabu hii nzuri. Mike Begum, aliyejulikana ulingoni kama BrolyLegs, alizaliwa na ugonjwa uliokaza viungo vyake vya mikono na miguu. Alicheza gemu ya mapigano ya Street Fighter kwa uso, akisukuma kijiti na vitufe kwa mdomo, ulimi na shavu, na alifika kwenye safu za juu kabisa za wachezaji wa mhusika Chun-Li. Alifariki mwaka 2024. Alitumia padi ya Xbox 360 ya kawaida, ileile ya manowari, kwa kuwa vitufe vyake vilikaribiana kiasi cha kufikika na uso. Kifaa kilichotawanywa kitandani kisingemsaidia. Mtaalamu angemwandikia kitu kingine kabisa, na angekosea.

Wapiganaji wa Street Fighter wana mchango mwingine. Baadhi yao walichoka na fimbo za kumbi za michezo zilizowaumiza vifundo, wakatengeneza visanduku visivyo na fimbo kabisa, vitufe vitupu, hata kwa kwenda kulia na kushoto. Mikono inalala, vidole vinacheza kama kwenye kompyuta. Lakini fimbo haiwezi kwenda kulia na kushoto kwa wakati mmoja, vitufe vinaweza, na humo mkazaliwa mbinu ambazo mwenye fimbo hazipati. Mwaka 2019 Capcom ilikipiga marufuku kwenye mashindano yake kisanduku cha bingwa wa Japani, Daigo Umehara. Baadaye sheria ziliandikwa vizuri zaidi: visanduku ruksa, mradi kubonyeza pande mbili zinazopingana kusimpe mtu faida. Hapo raha ya mkono na haki ya ushindani zilipatana, ingawa baada ya kelele nyingi.

Visanduku hivyo vinawahusu hata wasiojua ngumi za Street Fighter. Ndani ya vingi vya kujitengenezea kuna kibao cha Raspberry Pi Pico, kilichotoka mwaka 2021 kwa dola 4, na programu huria iitwayo GP2040-CE inayokifanya kibao hicho kitambulike na kompyuta kama padi. Waya mbili na swichi moja ni kitufe. Fundi redio yeyote wa Kariakoo au Nairobi anayejua kuchomelea kwa risasi anaweza kumtengenezea jirani yake padi ya vitufe vikubwa kwa siku moja. Hata matundu ya Xbox Adaptive ni yaleyale ya spika za masikioni za kawaida, milimita 3.5, na swichi ya dukani inayouzwa bei ya kutisha haina ndani yake zaidi ya alichonacho fundi kwenye kopo lake.

Kinachokwamisha ni kufuli. Padi hiyo ya fundi inakubalika kwenye kompyuta bila maswali. Mashine za Xbox na PS5 huihoji padi utambulisho wake kabla ya kuipokea. Novemba 2023 Microsoft ilianza kuzuia vifaa visivyo na kibali chake, na kati ya waliokuta vifaa vyao vimezuiwa walikuwamo wachezaji wenye ulemavu waliokuwa wakitumia viunganishi vya bei nafuu. Kampuni ileile iliyouza matundu 19 ikawa imefunga mlango wa nyuma, kwa hoja ya ubora na usalama. Sidhani ilikuwa na nia mbaya. Nadhani idara moja haikuiuliza nyingine, kama ilivyokuwa kwa kiganja na Mario Party. Kuna kufuli za hataza pia: mwaka 2021 baraza la mahakama Marekani liliitoza kampuni ya Valve dola milioni 4 kwa vitufe vya mgongoni vya padi yake, Steam Controller, vilivyoonekana kuvamia hataza ya watengenezaji wengine. Ni mahali tu pa kuweka vidole ambavyo vingekaa bure, lakini pana mwenyewe.

Na ipo tiba isiyohitaji risasi, kibao wala dola 100: kumruhusu mchezaji ahamishe kazi za vitufe. Mwenye kidole gumba kinachouma ahamishie pigo la kitufe cha X kwenye R1 ya begani, anayeshindwa kubonyeza haraka haraka aruhusiwe kushikilia tu. Inashangaza ilivyochelewa. PS4 iliipata kwenye mfumo wake mwaka 2015, Switch mwaka 2020. Mwaka huo wa 2020 The Last of Us Part II ilitoka na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwafikiria wachezaji wenye mahitaji tofauti, na mipangilio hiyo haikuiharibu gemu. Gemu nyingi bado zinaiachia mashine kazi hiyo, na mashine haiwezi kubadilisha maandishi ya ndani ya gemu. Aliyehamisha X kwenda R1 anaendelea kuamriwa na skrini abonyeze X, katikati ya mapigano, na inambidi afanye hesabu kichwani kila mara kabla kidole hakijaenda.